Mbegu za Mumunye Kutoka Busoga

Mwalimu arudipo kutoka likizo huulizwa na wanafunzi amewaletea nini. Mimi nilirudi na mbegu za mumunye, nimezifunga katika karatasi.

Nafundisha muziki katika shule ya msingi jijini Kampala, na wengi wa wanafunzi wangu ni watoto wa askari. Muhula wa kwanza ulipokwisha nilikuwa nimekata tamaa. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi una masomo manne: Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Muziki haumo. Mara nyingi kipindi changu kiligeuzwa kuwa cha hesabu, hata nikaandika barua ya kuomba nibadilishiwe somo.

Kabla ya kuipeleka nilisafiri kwenda Busoga kutuliza moyo. Kutoka Kampala hadi Jinja ni kilometa 80 hivi. Hapo mto Nile hutoka katika Ziwa Victoria, nasi tuliuvuka juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 2018, lenye urefu wa meta 525. Ng'ambo ndiyo Busoga, nchi ya miwa na migomba.

Katika kijiji kimoja mbele ya Iganga niliwakuta wazee wakipiga bigwala, yaani muziki wa mabaragumu ya vibuyu. Vipande vya vibuyu vilivyokauka huunganishwa hata vikawa bomba refu, na tundu la kupulizia hutobolewa ubavuni. Kila baragumu lina sauti moja tu. Ili wimbo upatikane hutakiwa wapulizaji watano au zaidi, kila mmoja akitoa sauti yake kwa zamu yake, huku ngoma zikishika mwendo na wachezaji wakijongea kwa duara. Akichelewa mmoja, wimbo hupata pengo.

Zamani bigwala ilipigwa hasa katika sherehe za watawala wa Busoga. Katiba ya mwaka 1967 ilipofuta tawala za jadi, sherehe hizo zilikoma, na vijana wakakosa pa kujifunzia. Tawala zilirudishwa katika miaka ya 1990, lakini mafundi walikwisha kuzeeka. Mwaka 2012 UNESCO iliandika bigwala katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa kuwa wajuzi waliobaki walikuwa wachache mno.

Mzee mmoja alinipa baragumu nijaribu. Kwanza nilitoa upepo mtupu, watoto wakacheka. Sauti ilipotoka, niliingia kabla ya zamu yangu. Mzee akanigusa bega, akasema: "Mwalimu, usikimbilie kupuliza. Msikilize mwenzio kwanza." Nilipoaga alinipa mbegu, akanieleza kwamba baragumu huanzia shambani.

Siku ya kufungua shule niliwasimamisha watoto watano mbele ya darasa, nikampa kila mmoja sauti moja ya kuimba. Miongoni mwao alikuwamo mtoto wa koplo mmoja, aliyehamia kwetu kutoka kaskazini, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu Februari. Mara tatu wimbo ulivunjika. Mara ya nne mtoto yule alingoja zamu yake, akaitoa sauti yake barabara, na darasa zima likapiga makofi.

Jioni tulipanda mbegu kando ya ua wa shule. Mumunye hauna haraka: utambae, uzae, kisha ukauke. Barua yangu ingali mezani; upande wake wa nyuma nimeandika zamu za watoto za kumwagilia maji.