Nyuma ya Mashua

Mamangu alipoanza tiba ya mionzi tulipanda basi la usiku kutoka Kikambala hadi Nairobi. Asubuhi tukaambiwa mashine imeharibika, turudi Jumatatu. Mama hakulalamika. Alifungua mkebe wa mahamri, akanipa moja, akauliza, "Kwani hiyo mashine ina nini ndani?"

Nina digrii ya fizikia na sikuweza kumjibu. Usiku huo, nyumbani kwa shangazi, nilisoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha.

Ndani kuna elektroni. Zinasukumwa na mawimbi ya redio kwenye bomba la shaba hadi zikaribie mwendo wa mwanga, kisha zinagonga kipande cha metali nzito na kutoa eksirei. Ukisukuma kupita kiasi, cheche zinaruka. Ndo maana mashine za utafiti ni ndefu ajabu. Ile ya Stanford, Marekani, ina kilomita 3 hivi.

Mwaka 1979, Toshiki Tajima na John Dawson walipendekeza njia nyingine: piga leza kwenye plazima, yaani gesi iliyovuliwa elektroni zake. Leza inapita kama mashua, nyuma yake linabaki wimbi, na elektroni zinalipanda. Mwaka 2019 watafiti wa Berkeley walitangaza kwamba wamefikia karibu elektronivolti bilioni 8 ndani ya sentimita 20 tu.

Hapo nikacheka peke yangu. Tulipokuwa wadogo, mjomba akiwasha injini ya mashua, sisi watoto tulimfuata na vipande vya mbao. Wimbi lilikuwa na nguvu za kutosha. Shida ilikuwa sisi. Aliyeingia mahali pake alibebwa. Aliyechelewa alikunywa maji ya chumvi. Kila mtu alimaliza na mwendo wake.

Plazima nayo ilikuwa na shida hiyo. Kwa miaka mingi elektroni zilitoka vurugu tupu, hii kasi, ile goigoi. Mwaka 2004 timu tatu, za Uingereza, Ufaransa na Marekani, zilionyesha makundi ya elektroni zenye nishati inayokaribiana. Njia moja ya kuzipanga ni kufanya gesi iwe nyepesi ghafla njiani: wimbi linapunguza mwendo, elektroni zinaingia pamoja. Mjomba alikuwa akipunguza injini kwenye mlango wa mwamba, na sote tunalidaka wimbi kwa mpigo.

Nilimweleza Mama haya yote Jumatatu, tukiwa kwenye foleni.

"Kwa hivyo nguvu wanazo," akasema. "Wanachotafuta ni adabu."

"Ndiyo, Mama. Lakini hiyo haijafika hospitalini."

Akaitwa. Akalazwa chini ya mashine ileile ya bomba la shaba, akaambiwa asitikisike. Mlango ukafungwa. Nilibaki na mkoba wake na mkebe mtupu.

Alipotoka aliuliza, "Zimebaki ngapi?"

"24."

"Haya. Twende tukale."