Ndege anayeruka, ndege inayoruka

Kutoka uwanja wa ndege wa Kalemie hadi ule wa Kongolo ni kama kilometa 255. Hesabu hiyo haidai safari. Kalemie, ambayo kwenye tikiti huandikwa FMI, iko karibu nyuzi 5.9 kusini na 29.25 mashariki; Kongolo, KOO, iko karibu 5.4 na 27. Huku karibu na ikweta uzi mmoja ni kama kilometa 111, mengine ni kazi ya Pythagoras. Ndege ndogo kama Cessna Caravan, yenye kwenda zaidi ya kilometa 300 kwa saa, ingefika kabla saa moja haijaisha.

Kifaransa hupima mstari huo mnyoofu kwa mruko wa ndege. Sisi tukitafsiri hivyo tunaingia kwenye mtego, kwa sababu nomino yetu haisemi ndege yupi. Hapa Makomeno wengi tunasema ndeke, na swali linabaki lilelile. Upatanisho ndio unaotutoa: ndege anaruka, ana mabawa, hahitaji tikiti, ndege inaruka, inahitaji mafuta, abiria wa kutosha na uwanja usiogeuka matope. Kiambishi kimoja tu, na gharama zote zimo ndani yake.

Zile kilometa 255 ni za anayeruka. Abiria wa inayoruka, akikosa safari ya moja kwa moja na kulazimika kupitia Luano, hapa kwetu Lubumbashi, ataruka kama kilometa 660 kuja kusini, kisha kama 690 kurudi kaskazini. Zaidi ya mara tano ya mstari mnyoofu, ili tu atoke mji mmoja wa mkoa wa Tanganyika aingie mwingine wa mkoa huohuo.

Nayajali haya kwa sababu nataka kurekodi hadithi za Kihemba kwa nkambo, dada ya bibi yangu, anayeishi Kongolo na ambaye sasa anasikia kwa sikio moja. Nitaanzia Kalemie kwa yaya. Fomu ya kuomba msaada wa utafiti ina nafasi mbili: umbali, na muda wa safari. Ya kwanza nimeijaza.

Kuhusu ya pili nilimpigia yaya simu. Kuna reli ya Kalemie hadi Kabalo, kilometa 273, iliyokamilika mwaka 1915, na kutoka Kabalo mtu hupanda kuelekea Kongolo. Nilitegemea jibu la saa au siku. Yaya akasema: “Kama treni iko?”

Kamusi zetu huweka chini ya neno “mwendo” safari, kasi na umbali, na nimewahi kusikia ikisemwa kwamba huo ni ulegevu wa lugha. Mimi sikubali. Anayesema “mwendo wa siku tatu” amekwisha kuhesabu daraja, mvua na treni isiyokuja. Anayesema “kilometa 255” hajahesabu kitu isipokuwa hewa. Nimeandika: mwendo wa siku nne, kama treni iko.

Nkambo hakuuliza umbali wala muda. Aliuliza kama nitatangulia mvua, na kama nitamletea chumvi.