Athens, mji ambako mgeni hutafutiwa godoro

Ukishuka katika uwanja wa ndege wa Columbus, jimbo la Ohio nchini Marekani, bado una safari ya kilomita 120 hivi kuelekea kusini mashariki. Barabara hupita mashamba, kisha huingia kwenye vilima vya misitu. Huku hakuna matatu. Mwanafunzi mgeni mwenye masanduku mawili, asipopata wa kumpokea, huweza kutokwa na machozi.

Mwisho wa safari ni Athens, mji wa watu wapatao 24,000. Uhai wake ni Chuo Kikuu cha Ohio, kilichoasisiwa mwaka wa 1804. Barabara ya Court Street imetandazwa matofali, na mto Hocking hauko mbali. Ukingoni mwa mto huo kuna miti ya cheri, zawadi ya Chuo Kikuu cha Chubu cha Japani mwaka wa 1979, wenyeji walipoadhimisha miaka 175 ya chuo chao. Kiswahili pia hufundishwa hapa, kwa hivyo Mkenya asishtuke akiamkiwa "Hujambo!" na kijana Mzungu.

Salamu hutia moyo, lakini haimpi mtu blanketi. Katika miji ya vyuo kama huu, pengo hilo aghalabu huzibwa na Wakristo wa makanisa ya karibu. Mwezi wa Agosti, kabla ya masomo kuanza, wao huenda kuwachukua wageni uwanjani, huwagawia magodoro, taa na sufuria zilizokwisha tumika, kisha huwapeleka sokoni kwa magari yao. Jioni huwa na vikao vya kuzungumza Kiingereza.

Kazi hii si ya jana. Bob Finley alianzisha shirika la International Students mwaka wa 1953 kwa shabaha hiyo hiyo. Nasi Wakenya tunaijua thamani yake. Ndege ya kwanza ya mpango wa Tom Mboya ilibeba wanafunzi 81 mwaka wa 1959. Mwaka uliofuata, Wangari Maathai alisafiri kwa basi hadi Atchison, mji mdogo wa Kansas. Njiani, katika jimbo la Indiana, mkahawa mmoja ulikataa yeye na mwenzake waketi ndani kwa sababu ya rangi yao. Huko Atchison watawa wa Kibenedikto waliwafungulia mlango. Nchi ni moja, milango ni tofauti.

Kipimo chenyewe huja Novemba. Alhamisi ya nne ni Siku ya Shukrani, na wenyeji hurejea kwao kula bata mzinga. Mabweni huwa kimya, nje baridi kali. Hapo ndipo mwaliko wa familia huwa dawa.

Lakini je, urafiki huo ni chambo? Chukua mwanafunzi Mwislamu kutoka Mombasa. Amekula mezani pao, sasa anaalikwa kusoma Biblia. Akikataa kwa adabu, je, simu itaendelea kulia? Wenye nia njema husema wazi tangu mwanzo kwamba wao ni Wakristo, humwalika mgeni bila kumshurutisha, na hata akikataa, Ijumaa bado humpeleka sokoni. Mwenye kukatiza urafiki hapo hakuwa rafiki, alikuwa mvuvi tu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mwanafunzi huyu ni kwamba Agosti ifuatayo naye awe ndani ya gari linalokwenda Columbus kuwapokea wapya.

Nasi je? Katika vyuo vyetu wamo vijana kutoka Sudan Kusini, Somalia na Kongo. Chuo kikifungwa Desemba, wengine hawana pa kwenda. Jumapili ijayo, msomaji, ongeza sahani moja mezani.