Ua la uani linaloweza kuua

Mvua za kwanza zikishanyesha Mitundu, vichakani na kando ya mashamba huchomoza mmea mwembamba unaopanda. Ncha za majani yake hujikunja na kushika chochote kilicho karibu: kijiti, uzio, tawi. Baadaye huchanua maua mekundu yenye manjano, yaliyopinda kwenda juu kama ndimi za moto. Wataalamu wa mimea huuita gloriosa.

Si ajabu mama mwenye nyumba akatamani kuuhamishia uani. Maua yapandayo ukuta anayoyaona kwenye simu, kama klematisi za Ulaya, hutaka ubaridi na udongo wenye unyevu. Mitundu, wilayani Itigi, ina msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu. Gloriosa imezoea hali hiyo. Kiangazi kikikolea, shina hukauka na uhai wote hubaki kwenye kiazi kilicho ardhini, kikisubiri mvua ijayo.

Hapo ndipo mzazi anapotakiwa kuwa macho. Mmea wote una sumu iitwayo kolchisini, na kiazi na mbegu ndizo zenye sumu nyingi zaidi. Kuchemsha hakuiondoi. Sri Lanka wapo waliokufa baada ya kupika kiazi hicho wakidhani ni kiazi kitamu. Mwezi Agosti hakuna tena ua la kumkumbusha mtu kilichoko chini. Mtoto anayechimbachimba akicheza kupikapika na wenzake huona kiazi tu.

Anayeupenda mmea huu aupande kwenye ndoo iliyotobolewa chini, si kwenye ardhi ambako kiazi kitasahaulika. Mvua zinapoanza, kiazi kilazwe kwenye udongo usiotuamisha maji, kina cha sentimita 8 hivi, mahali penye jua, na kisimikiwe fito za kupandia. Mkono uvikwe glovu au mfuko wa plastiki. Vibegu vikatwe kabla havijapasuka. Majani yakigeuka manjano, umwagiliaji ukome, na ndoo ihifadhiwe mahali ambapo mtoto hafiki. Kiazi kisiwekwe kamwe jikoni wala ghalani pamoja na chakula.

Nyumba yenye watoto wanaotambaa au wanaotia kila kitu mdomoni ni bora isubiri. Asumini nayo hupanda, hunukia, na haina hatari hiyo.

Mtoto akila sehemu yoyote ya mmea huu, asingojewe mpaka augue. Dalili huweza kuchelewa saa kadhaa: kutapika, tumbo kuuma, kuhara sana. Mzazi asiyejua huweza kudhani ni tumbo la kawaida, na saa hizo zikapotea bure. Mtoto asilazimishwe kutapika, na maziwa si dawa ya sumu hii. Afutwe mdomo, apelekwe kituo cha afya mara moja, na kipande cha mmea kibebwe kwenye mfuko ili mhudumu ajue anashughulika na nini.

Watoto wa vijijini hufundishwa mapema uyoga upi unaliwa na upi hauliwi. Gloriosa iingie kwenye somo hilohilo, mvuani ua likiwa limechanua: waonyeshwe, waambiwe kuwa kiazi chake hakiliwi, na kiangazi kikifika warudishwe palepale kuonyeshwa kilipojificha.