Ndege Alitua, Ndege Ilitua

Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, mkoani Shinyanga, aliandika katika insha: "Ndege alitua Ibadakuli, vumbi likafunika mbuzi." Nikamkata alama mbili. Anayetua Ibadakuli, kwenye kiwanja cha ndege, ni chombo, na chombo hupatanishwa kwa I-ZI: ndege ilitua. "Alitua" ni ya mwenye manyoya.

Kijana akaniletea daftari.

"Shikamoo, Mwalimu. Mbona bahati hutabiriwa kwa ndege huyuhuyu wa manyoya, nao wazee husema ndege njema, ndege mbaya? Hawasemi ndege mwema."

Nikamwambia akakae.

Swali lilikuwa zito kuliko jibu langu. Ndege wa porini, akigeuka fali, hupokonywa uhai wake wa kisarufi na kuhamia I-ZI. Njia ya kwenda huko ipo wazi. Kwa nini njia ya kurudi ifungwe? Lugha haikuona haya kumtoa rubani jahazini ikampandisha angani.

Mwaka jana nilikwenda Chato, mkoani Geita, kwenye uwanja wenye barabara ya kurukia ya mita 3,000. Vumbi hakuna. Bibi mmoja aliyempokea mwanawe alinyoosha kidole mawinguni: "Huyo! Anakuja!"

Sikumsahihisha. Nilitazama mpaka magurudumu yakagusa lami, nikijaribu kulikumbuka jina la yule kijana. Sura ninayo, na mwandiko wake uliolalia kushoto. Jina silipati, wala alama zake mbili sijui nimpelekee nani.