Asidi Ilikotoka, Asidi Ilikokwenda

Oktoba 1973, Wassily Leontief alipopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, mimi nilikuwa mwanafunzi Kinshasa. Vyuo vikuu vya nchi yetu, Kongo iliyoitwa Zaïre wakati huo, vilikuwa vimeunganishwa mwaka 1971 kuwa chuo kimoja, UNAZA, na masomo ya uchumi yakawekwa Kinshasa. Ndiyo sababu mtoto wa Likasi, mji wa shaba wa Katanga, alilazimika kuvuka nchi nzima ili asome habari ambazo, nilivyokuja kuona, zilikuwa nyuma ya nyumba ya baba yake. Mwalimu wetu aliingia darasani, akafuta ubao wote, akachora miraba. Kushoto aliandika majina ya sekta zinazotoa: kilimo, madini, umeme, usafiri, kemikali. Juu akaandika majina yaleyale, safari hii kama wapokeaji. Kila kisanduku, alisema, kinajibu swali moja: huyu alimpa yule kiasi gani?

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko Leontief. François Quesnay, daktari katika jumba la mfalme wa Ufaransa, alichora mwaka 1758 jinsi mazao ya ardhi yanavyozunguka kati ya wakulima, wenye ardhi na mafundi. Leontief, aliyezaliwa 1905 na kukulia St. Petersburg, aliondoka Urusi akiwa kijana, akaenda Berlin, kisha Marekani. Mwaka 1936, akiwa Harvard, alichapisha jedwali la uchumi wa Marekani lililojazwa takwimu halisi za mwaka 1919. Alichomzidi Quesnay ni hatua ya pili. Ukigawa kila kisanduku kwa jumla ya mazao ya anayepokea, unapata kipimo: ili nitoe tani moja ya hiki, nahitaji kiasi gani cha kile. Nikitaka kuongeza shaba, nahitaji asidi. Asidi inataka salfa, salfa inataka treni, treni inataka umeme, na umeme wenyewe unataka nyaya za shaba. Mnyororo hauna mwisho, lakini kila pete ni ndogo kuliko iliyotangulia, kwa hiyo jumla yake inapatikana. Kuipata ndiko kulikotesa watu. Leontief alilazimika kuzibana sekta zake hadi zikabaki 10 ili ziweze kuhesabika, na ni mwishoni mwa miaka ya 1940 tu, kompyuta za kwanza za Harvard zilipomsaidia, ndipo alipoweza kushughulikia sekta 42 kwa pamoja.

Wenzangu wengi darasani waliyaona hayo kuwa hesabu ngumu tu. Mimi niliiona Likasi.

Kiwanda cha Shituru, hapa Likasi, kilianza kutoa shaba kwa njia ya umeme mwaka 1929. Nilipokuwa kijana, mji ukiwa bado unaitwa Jadotville, nilipata kuingia ukumbi wa matangi nikiongozwa na mfanyakazi mzee aliyemfahamu baba. Hewa ya humo inauma kooni hata kabla hujaona chochote. Matangi yamepangwa safu kwa safu, yamejaa maji ya buluu yaliyobeba shaba iliyoyeyushwa, na ndani yake yananing'inia mabamba. Umeme ukipita, shaba inaganda juu ya bamba taratibu, siku baada ya siku, hadi winchi inapokuja kuliinua likiwa jekundu, zito, linachuruzika. Yule mzee hakunionyesha bamba. Alinishika bega akanigeuza nitazame mfereji unaotoka chini ya tangi. "Mwanangu, hii asidi inarudi kule inakotoka," alisema. "Jana ilikuwa hapa, kesho itakuwa hapa tena."

Alisema kweli kabisa. Kuyeyusha tani moja ya shaba kutoka kwenye mawe yetu ya kijani kunataka karibu tani moja na nusu ya asidi ya salfa, na umeme unapoitoa shaba majini, asidi kiasi hichohicho huzaliwa upya. Laiti mawe yangekuwa na shaba peke yake, asidi isingeisha kamwe. Lakini mawe ya Katanga yana dolomiti, na dolomiti inakula asidi bila kurudisha kitu. Kwa hiyo kila siku lazima itengenezwe asidi mpya.

Nayo ilitoka wapi? Hapa ndipo jedwali la Likasi linapopendeza. Zinki iliyochimbwa Kipushi, mpakani na Zambia, ililetwa Likasi kwa treni ikiwa na salfa yake. Ilichomwa hapa, moshi ukakamatwa na kugeuzwa asidi. Tani moja ya salfa hutoa takriban tani tatu. Zinki iliyokwisha kuchomwa ikapakiwa tena kwenda Kolwezi kusafishwa, na asidi ikabaki Shituru kuyeyusha shaba. Chokaa ilitoka Kakontwe, baruti za migodini zilitengenezwa hapahapa na Afridex, umeme ulishuka kutoka Mwadingusha kwenye mto Lufira, ambako mitambo ilianza kuzunguka mwaka 1930. Reli ya kwenda Tenke ilipewa umeme tangu 1952. Makaa ya mawe yalitoka Luena. Unga wa mahindi wa posho ya wafanyakazi ulisagwa Kakontwe. Sijapata kuona mji mwingine Afrika ambao visanduku vyake vya ndani vilijaa namna hiyo, na ninalisema hilo kwa fahari.

Niliporudi nyumbani na kupata kazi katika ofisi ya mipango, tulianza kuchora jedwali la viwanda vya eneo letu. Karatasi ilikuwa kubwa kuliko meza. Tulipiga mistari kwa penseli, tukahesabu kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, na kila nambari ikaandikwa kwa wino baada tu ya watu wawili kuihakiki. Tuliamua tangu mwanzo kupima kwa tani, mita za ujazo na kilowati-saa, si kwa pesa. Zaïre, pesa yetu, ilishushwa thamani mwaka 1976, ikashushwa tena 1978, na Septemba 1983 ikaporomoka kabisa. Mtu aliyechora jedwali kwa pesa angeona uchumi unaovimba. Tani ya asidi ilibaki tani ya asidi. Leontief mwenyewe alisisitiza maisha yake yote kwamba mchumi awaendee mainjinia na kuwauliza mambo yanavyofanyika, na sisi tulikuwa na bahati: mainjinia walikuwa mlango wa pili.

Katika miaka hiyo nilisoma pia kazi ya Alan Peacock na Douglas Dosser, Waingereza waliojaribu kuichorea Tanganyika jedwali la namna hii na kuchapisha matokeo mwaka 1957. Niliisoma kwa hamu ya jirani. Shida yao ilikuwa kinyume cha yetu. Tanganyika ilikuwa nchi ya wakulima wanaokula wanacholima na kuuza mkonge, pamba na kahawa ng'ambo. Viwanda vya kupeana vitu vilikuwa haba, kwa hiyo jedwali lilijaa visanduku vitupu. Mwaka 1958 Albert Hirschman alieleza maana ya utupu huo: sekta inayouza kila kitu nje na kununua kila kitu nje haiinui wengine, hata ikitajirika.

Hapo ndipo nilipoitazama karatasi yetu upya. Ndani ya viwanda ilijaa, ndiyo. Lakini ukifuata mstari wa shaba hadi mwisho, unapita sekta zote za Zaïre bila kusimama na kuingia safu ya mauzo ya nje: Ubelgiji kusafishwa, London kupangiwa bei. Reli ya Benguela ilipofungwa na vita vya Angola mwaka 1975, mstari huo ulilazimika kutafuta njia ya kusini au kupita kwa reli na mto hadi Matadi, lakini mwelekeo wake haukubadilika. Hata waya mkubwa wa umeme wa Inga-Shaba, kutoka bwawa la Inga hadi mkoa wetu, uliokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kunyooka kilomita karibu 1,700, ulipita juu ya vijiji bila kuviachia taa moja. Tulikuwa tumefumwa vizuri sisi kwa sisi, na nchi yenyewe ikabaki pembeni. Naamini huo ndio ulikuwa udhaifu mkubwa wa Katanga, mkubwa kuliko bei ya shaba.

Mwaka 1986 shaba ya Gécamines, kampuni ya taifa iliyomiliki migodi na viwanda hivi, ilizidi tani 470,000. Mwaka 1993 haikufika 50,000. Nimewasikia wengi wakitaja sababu moja moja, kila mtu na yake. Jedwali linakuzuia kufanya hivyo. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, na mawe yakapungua. Uporaji ulioikumba nchi mwaka 1991 ukaondoa vipuri na mafundi wa kigeni. Kipushi ikafungwa 1993, na pamoja na zinki yake ikaondoka salfa. Bila salfa asidi ikawa haba. Bila asidi hata mawe yaliyokuwepo hayakuyeyuka. Kila kisanduku kilichokauka kilikausha kingine, na kila kilichofuata kikarudi kukikausha cha kwanza. Ile hesabu ya pete zinazofuatana, tuliyofundishwa kama njia ya kukuza, inafanya kazi vilevile kwa kubomoa.

Na katikati ya hayo tukawafukuza watu. Kuanzia 1992 ndugu zetu wenye asili ya Kasai, waliozaliwa Likasi, waliozika wazazi wao Likasi, walitolewa majumbani na kulundikana kwenye stesheni wakisubiri treni ambazo hazikuja kwa wiki na miezi. Watoto walikufa pale, karibu na njia ya reli. Wengi wa waliofukuzwa walikuwa ndio mafundi wa matangi, wa treni na wa maabara, lakini sitaki kuihesabu hasara hiyo kwa tani. Walikuwa majirani. Safu ya kazi katika jedwali huandikwa saa na mishahara. Waliokuwa stesheni walikuwa na majina, na baadhi yao nilisoma nao.

Posho ilipokoma, mji haukufa. Nani aliulisha? Mama zetu. Walifungua mashamba kando ya reli na nyuma ya makambi ya wafanyakazi, wakalima mahindi na mihogo, wakauza sombe, yaani majani ya mihogo, wakachoma na kubeba makala, yaani mkaa, wakatembea hadi vijijini kubadilishana nguo kwa unga. Bukari, ugali wetu, iliyokuwa mezani pa mhandisi jioni ilitokana na jembe la mkewe. Hakuna hata gramu moja ya kazi hiyo iliyokuwa kwenye karatasi yetu. Kazi hiyo ilikuwepo miaka yote, hata Shituru ilipokuwa ikifanya kazi usiku na mchana. Sisi tulipima kilichopita mizani ya kiwanda na kukiita uchumi wa Likasi. Kasoro hiyo ni ya mbinu yenyewe, kwa kuwa inaona tu kinachotoka mkono wa sekta moja kwenda mkono wa nyingine. Leontief pia alichukulia kwamba vipimo havibadiliki, kwamba tani moja itataka kesho kile ilichotaka jana. Kwa matangi ni dhana inayofaa. Kwa watu waliokosa mshahara na kubuni maisha mapya, dhana hiyo haina jibu.

Leo Kongo inatoa shaba nyingi kuliko wakati wowote: tani milioni 2.8 hivi mwaka 2023. Salfa inaletwa kwa malori kutoka bandari za mbali, shaba inaondoka kwa malori kwenda baharini na zaidi China. Vijana wanaosoma uchumi Lubumbashi huniuliza waandike tasnifu juu ya nini. Nawaambia wachore jedwali la Likasi na Kolwezi upya, kwa tani kama tulivyofanya, na waweke mistari tuliyoiacha: shamba la nyumbani, makala, maji yanayobebwa kichwani, kazi ya wanaochimba kwa mikono. Nawaomba waanze na unga. Mahindi mengi tunayokula yanavuka kutoka Zambia kwa barabara ileile ya salfa, na Zambia inapozuia kuyauza nje, kama ilivyofanya zaidi ya mara moja, bei ya mfuko inapanda katika mitaa ya Likasi, Kikula na Panda, kwa siku chache. Wapime mambo matatu: mfuko mmoja unataka nini, nani anaulipia, na ni shamba lipi la hapa lingeweza kuutoa.