Ana wazo, ana mawazo

Ukimuuliza mwanafunzi wa chuo kama ana sonona, atakushangaa. Wengine watakuuliza ni kitu gani hicho. Muulize kama ana mawazo, atasogea kwenye kimbweta upate pa kukaa. Atakueleza ada, bumu ambalo halijaingia, sapu mbili, na mama nyumbani anayeamini kila kitu ni shwari. Usingizi hauji, chakula hakishuki. "Mawazo tu," atamaliza, kama mtu anayekwambia ana mafua.

Mimi na mwenzangu wa udaktari tumetumia karibu mwaka mmoja na nusu kulipeleka neno hilo kwenye jarida la magonjwa ya akili. Naandika haya kwa sababu kila wiki kuna mtu ananisimamisha kantini aniulize kupablishi kunaanzaje, na chai yake huisha kabla ya jibu langu.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa kawaida kabisa. Tulitumia dodoso linaloitwa PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001 na Kroenke, Spitzer na Williams. Lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla haizidi 27, na kwa kawaida anayefikisha 10 anatakiwa kuangaliwa kwa karibu. Toleo la Kiswahili lipo, limeshatumika Tanzania na Kenya, kwa hiyo hatukutunga kitu. Sisi tuliongeza mazungumzo mafupi baada ya dodoso: tulimwomba kila mshiriki atueleze wiki zake hizo mbili kwa maneno yake mwenyewe. Hapo ndipo mawazo yalipojaa kwenye daftari zetu.

Lakini kwanza tulitakiwa kuvuka swali la 9. Linauliza kama mtu, ndani ya wiki hizo, amewahi kuona heri angekufa au amefikiria kujidhuru. Kamati ya maadili ya utafiti iliturudishia pendekezo kwa ajili ya swali hilo moja. Walitaka kujua: mtu akiweka alama yoyote zaidi ya sifuri, saa hiyohiyo mtafanya nini? Ukitumia dodoso lisilo na jina, unakusanya kilio ambacho hujui ni cha nani. Ukiandika majina, nani atasema ukweli? Tulikaa na msimamizi wetu mpaka tukapata njia: dodoso lijazwe ana kwa ana, kwa namba badala ya jina, mshauri nasaha awe chumba cha pili kila siku ya kazi, na fomu ya ridhaa iseme kwa Kiswahili cha kueleweka ni wakati gani siri itafunguliwa na kwa nani.

Siku ya tatu kijana mmoja alifika swali la 9, akainua kalamu.

"Hii inaenda polisi?"

Wenzetu wa sheria wanajua alikuwa anauliza nini. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Ghana walifuta kosa hilo mwaka 2023, na Kenya Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha 226 kinakwenda kinyume na Katiba. Mwenzangu hakuanza kumpa muhadhara. Alimwambia, "Haiendi polisi, kaka. Inaenda chumba cha pili, kuna dada wa ushauri, na mimi nitakusindikiza." Akaandika. Alichoandika kinabaki palepale.

Sasa, kwenye muswada habari yote hiyo ni sentensi moja, ndani ya sehemu ya mbinu: washiriki walioonyesha hatari waliunganishwa siku hiyohiyo na huduma ya ushauri. Basi. Jarida lina kikomo cha maneno, na msomaji wa Toronto anataka kujua tu kama utaratibu ulikuwepo. Niliandika sentensi hiyo mara sita, na kila mara ilitoka kavu vilevile. Mwishoni nikaiacha kavu. Nadhani ni sawa kwa jarida, ila nilitaka iwepo sehemu moja duniani ambapo imeelezwa kwa urefu, na gazeti letu hili linatosha.

Kuandika kwenyewe tulifundishwa kwa ukali. Nilimpelekea msimamizi wetu kurasa nne za utangulizi, nimejipanga.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba. Huo ni utangulizi? Rudi nao. Niletee jedwali."

Kwake mpangilio ni huu: majedwali kwanza, kisha mbinu, matokeo, mjadala, na utangulizi ukishajua umepata nini. Ikisiri mwisho kabisa, kwa sababu ndiyo watu wengi watakayosoma, na wengi hawatasoma kingine. Pembeni uwe na orodha ya STROBE, ambayo ina vipengele 22 vya kuhakikisha hujaficha jambo: watu mliwapataje, waliokataa mmewafanyaje, majibu yaliyokosekana mmeyatendeaje. Majarida mengi yanataka orodha hiyo ijazwe, kila kipengele na namba ya ukurasa wake. Inachosha, lakini ukiijaza mapema inakuokoa na maswali nusu ya wahakiki.

Suala la majina ya waandishi sitalipamba. Kuna mtu aliomba jina lake liwemo kwa sababu "alitufungulia milango". Mwongozo wa ICMJE una masharti 4, na yote lazima yatimie: uwe umechangia utafiti kwa uzito, uwe umeandika au kuhakiki maandishi, uwe umeidhinisha toleo la mwisho, na uwe tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Kufungua milango kuna sehemu yake, inaitwa shukrani. Dokta ndiye aliyemwambia, sisi tusingethubutu.

Halafu pesa. Majarida mengi ya wazi, yaani yale yanayosomwa bure na kila mtu, humtoza mwandishi, na ada yake inaweza kumeza mabumu kadhaa. Wachapishaji wengi wana msamaha, ila huangalia Benki ya Dunia imeiweka nchi yako daraja gani. Tanzania ilipanda Julai 2020 na kuingia kipato cha kati cha chini, na kuna wachapishaji ambao kwao msamaha wa nchi za kipato cha chini ni kamili, wa daraja letu ni wa sehemu tu. Nchi imepanda daraja, pochi yangu haijaambiwa. Kwa hiyo uliza habari ya ada kabla hujawasilisha, na kama huna, omba kabla hujawasilisha. Zile barua pepe zinazokuita "Profesa Mheshimiwa" na kukuahidi kuchapishwa ndani ya siku tatu, zifute. Hakuna mhakiki anayesoma kitu chochote huko.

Jarida letu lilitaka pia data ziwekwe wazi. Ni jambo jema, hadi ukumbuke kwamba kuna programu hapa yenye wanafunzi wachache kiasi kwamba "wa kike, mwaka wa pili" inamtaja mtu. Tukaondoa programu, tukaunganisha miaka ya masomo, na maneno ya mazungumzo tukayazuia, tukamwandikia mhariri sababu. Alikubali bila ubishi.

Ubishi ulikuja kwa mhakiki wa pili. Aliandika kwamba kuwa na fikra si dalili ya ugonjwa, kila binadamu ana fikra, kwa hiyo sehemu ya mawazo iondolewe au lipatikane neno la kitaalamu la Kiingereza. Niliposoma nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikaona kwamba kwa tafsiri tuliyompa ana haki ya kuuliza. Kwa Kiswahili, ukisema mtu ana wazo umemsifu. Ukisema ana mawazo umemhurumia. Kikaoni mwenyekiti anasema "toeni mawazo" na hakuna anayeugua. Hayo yote mtu wa mbali atayajuaje?

Jibu tulilitoa Zimbabwe. Washona wana neno kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na mwaka 2013 neno hilo liliingia kwenye faharasa ya DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, kwa Kishona chake. Halikuokotwa tu. Miaka ya 1990 Vikram Patel na wenzake walitengeneza Harare dodoso la Kishona kutokana na namna wagonjwa wenyewe walivyoeleza hali yao. Dodoso hilohilo ndilo Dixon Chibanda na timu yake walilotumia kupima kazi ya wale bibi wanaozungumza na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya kliniki, na matokeo yalichapishwa kwenye JAMA mwaka 2016. Kwa hiyo njia ipo. Neno la Kiafrika linaweza kukaa kwenye jarida bila kuvuliwa nguo, mradi aliyelileta afanye kazi ya kulieleza.

Tuliandika barua ya kurasa tano. Kila hoja ya mhakiki tuliinakili, chini yake jibu, chini ya jibu ukurasa na mstari tuliobadilisha. Hoja nyingi tulizikubali, na makala ikawa bora. Ya mawazo tuliikataa kwa heshima: tukaongeza aya moja ya kueleza wazo na mawazo, tukaeleza kwamba hatudai mawazo ni sonona, kwa kuwa wapo waliosema wana mawazo na alama zao hazikufika 10, na hao ndio tunaotaka wasomaji wawaone. Neno likabaki kwa herufi za mlalo, hadi kwenye ikisiri.

Toleo jipya tuliliwasilisha usiku, bando la mwenzangu. Leo ni siku ya 41, mfumo bado unasema liko kwa wahakiki. Washiriki hatuwezi kuwatafuta, kwa sababu kwetu ni namba tu, kwa hiyo tumebandika ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye matokeo kwenye ubao wa matangazo karibu na kantini. Chini kabisa tumeandika chumba cha ushauri nasaha kilipo na saa zake.